Saa Mfukoni mwa Profesa Yana

Profesa Yana hana vifaa. Anaishi mwisho kabisa wa wakati, miaka trilioni 100 kutoka sasa, kwenye sayari ya Malcassairo. Nyota karibu zote zimekwisha kuzimika, na masalia ya wanadamu wamejazana kambini wakisubiri roketi ya kuwapeleka mahali panapoitwa Utopia. Jukumu la kuirusha roketi hiyo ni lake. Mtambo ameuunga kwa chakula, kamba na pini za karatasi, na unakaribia kufanya kazi. Ni mzee mpole, mwenye haya. Ukimsifu anatazama chini. Mara moja moja husita katikati ya sentensi, uso ukamkunjamana, kwa kuwa kichwani mwake kuna ngoma zinazopigwa ambazo hajapata kuzinyamazisha maisha yake yote. Kabla ya dakika 45 kwisha atakuwa amemuua msaidizi wake, amewafungulia wala watu njia ya kuingia kambini, na ametoroka na chombo cha mgeni aliyekuja kumsaidia.

Hiyo ndiyo “Utopia”, sehemu ya tamthilia ya Uingereza Doctor Who iliyorushwa na BBC One Jumamosi ya tarehe 16 Juni 2007, ya kwanza kati ya tatu zilizofunga msimu wa tatu tangu tamthilia hiyo ifufuliwe mwaka 2005. Iliandikwa na Russell T Davies na kuongozwa na Graeme Harper. Adui kufichuliwa katika tamati ya msimu ni jambo la kawaida katika bunilizi za kisayansi. Karibu kila tamthilia ya aina hiyo imelijaribu. Lakini sijaona ufichuzi uliofumwa kwa subira kama huu, na ningependa kuufumua polepole, uzi kwa uzi, kwa sababu kadiri unavyoufumua ndivyo unavyoona kwamba hakuna kilichofichwa. Kila kitu kilikuwa mezani.

Kwa asiyemjua, Daktari ni msafiri wa wakati kutoka sayari ya Gallifrey. Husafiri kwa TARDIS, chombo chenye umbo la kibanda cha polisi cha buluu, na akikaribia kufa mwili wake hujizaa upya kwa sura nyingine, ndiyo maana waigizaji wengi wamempokea kijiti tangu 1963. Mwaka 1971 waandishi walimpa mshindani wa kabila lake mwenyewe, msomi kama yeye, mwenye akili kama zake, asiye na huruma hata chembe: Master. Roger Delgado ndiye aliyemcheza kwanza, akiwa na ndevu zilizochongwa na adabu za mtu wa baraza, hadi alipofariki katika ajali ya gari nchini Uturuki mwaka 1973. Anthony Ainley alimrithi katika miaka ya 1980. Baada ya filamu ya televisheni ya 1996, Master hakuonekana tena katika tamthilia kwa muda mrefu. Davies alipoifufua tamthilia mwaka 2005 alianza kwa kulifuta kabila lote: vita vilikuwa vimepita, Gallifrey imeteketea, Daktari amebaki peke yake ulimwenguni. Upweke huo ndio uliokuwa moyo wa tamthilia mpya. Misimu miwili na nusu watazamaji waliishi nao.

Tuanze na saa.

Wiki tatu kabla ya “Utopia”, tarehe 26 Mei, ilionyeshwa “Human Nature”, na tarehe 2 Juni mwendelezo wake, “The Family of Blood”. Zote mbili ziliandikwa na Paul Cornell kutokana na riwaya yake ya 1995. Humo Daktari, akiwakimbia wawindaji, anajigeuza binadamu. Kumbukumbu zake, nafsi yake yote, anaifungia ndani ya saa ya mfukoni yenye kifuniko, naye anabaki mwalimu wa kawaida anayeitwa John Smith katika shule ya wavulana Uingereza, mwaka 1913. Hajui kwamba aliwahi kuwa mwingine. Saa iko juu ya meko, anaipita kila siku, lakini imetiwa kinga inayofanya jicho liteleze juu yake bila kuijali. Anampenda muuguzi wa shule, Joan Redfern. Anaota maisha ya ndoa, watoto, uzee. Kisha hatari inafika, na anaambiwa kwamba lazima aifungue saa. John Smith analia. Anaelewa kwamba saa ikifunguka Daktari atarudi na yeye atakufa, na hakuna atakayemzika.

Wengi waliitazama hadithi hiyo kama kipande kilichosimama chenyewe, miongoni mwa vilivyo bora kabisa katika tamthilia nzima, na kweli inasimama. Kumbe ilikuwa pia darasa. Kwa jioni mbili za Jumamosi watazamaji walifundishwa jinsi saa ile inavyofanya kazi, na walifundishwa kwa machozi, si kwa maelezo ya kifundi. Walijua saa hiyo ina nini ndani. Walijua mwenye nayo haioni. Na walijua, zaidi ya yote, kwamba kuifungua ni kumuua mtu mwema ili mwingine aamke. Mwandishi mwenye haraka angeyaeleza haya yote ndani ya “Utopia” yenyewe, dakika tano kabla ya kuyahitaji, na mtazamaji angenusa mtego. Davies aliyalipia mapema.

Akapisha wiki moja. Tarehe 9 Juni ilionyeshwa “Blink” ya Steven Moffat, hadithi ya sanamu zinazosogea usipozitazama, ambamo Daktari haonekani sana. Inatisha, inashika akili yote, na inaifukuza saa kabisa kichwani mwa mtazamaji. Nafasi hiyo naiona ni sehemu ya ufundi hata kama ratiba ya kupiga picha ilichangia. Saa ingeonekana Jumamosi iliyofuata moja kwa moja, kila mtu angekuwa bado anaifikiria. Ingechelewa miezi mitatu, wangekuwa wameisahau. Wiki mbili zinatosha kitu kizame chini ya fikira bila kuoza.

Kulikuwa na chambo pia, na ndicho ninachokistahi kuliko hila zote za msimu ule. Tangu mwaka uliotangulia jina la Bwana Saxon lilikuwa likipitapita: kwenye gazeti, kwenye amri ya kufyatua mizinga usiku wa Krismasi ya 2006, kwenye mabango ya uchaguzi yaliyobandikwa ukutani. Katika “The Lazarus Experiment” watu wake wanamnong’oneza mama yake Martha Jones, mwanafunzi wa udaktari anayesafiri na Daktari, wakimtia hofu juu ya rafiki wa bintiye. Davies alikuwa amewazoesha watazamaji, misimu miwili mfululizo, kutafuta neno linalojirudia na kungoja lifumbuliwe mwishoni. Sasa akawapa Saxon. Ilikuwa imetangazwa kwamba John Simm ndiye atakayemcheza, na mashabiki wengi walikuwa wamekwisha kubashiri Saxon ni nani hasa. Macho yote yakaelekea London ya karne ya 21, kwa mwanasiasa kijana mwenye tabasamu. Nani angemwangalia mzee mwenye koti la kizamani mwisho wa ulimwengu? Na uzuri wake ni kwamba chambo hakikuwa cha uongo. Waliobashiri walibashiri sawa: Saxon kweli ni Master. Walichokosea ni mlango tu atakaoingilia.

Mwandishi mdogo huwadanganya watazamaji wake, halafu huwataka wamsifu kwa kuwadanganya. Davies aliwaambia kweli, akasimama kando ya ile kweli akiwa na jambo kubwa zaidi.

Kisha kuna Derek Jacobi. Alizaliwa mwaka 1938, na kwa Waingereza wa rika nyingi sura yake ina historia. Mwaka 1976 alikuwa Claudius katika I, Claudius ya BBC: mtu mwenye kigugumizi na mguu mbovu, anayedharauliwa na jamaa zake wote wa kifalme, akasalimika kwa sababu wanamdhania mpumbavu, hadi akawa mfalme wa Roma. Katika miaka ya 1990 alikuwa mtawa mpelelezi Cadfael, mtu wa mimea ya dawa na huruma. Kumpa Jacobi nafasi ya Yana ni kumvalisha Yana miaka 30 ya mapenzi ya watazamaji. Hawakuhitaji kushawishiwa kwamba mzee huyu ni mwema. Walikuja wakiamini hivyo. Na kwa aliyekumbuka vizuri kulikuwa na alama nyingine tena: mwaka 2003, katika hadithi ya katuni iliyotolewa kwenye tovuti ya BBC, sauti ya Master ilikuwa ya Jacobi huyohuyo. Hata hilo lilikuwa wazi.

Tazama anavyomjenga Yana. Hamfanyi mtakatifu. Anampa uchovu, kicheko kifupi cha kujidharau, furaha ya kitoto anapompata mtu anayeelewa hesabu zake. Daktari, aliyechezwa na David Tennant, anampenda papo hapo. Wawili hao wanainamia nyaya pamoja, mmoja akianza wazo na mwingine akilimaliza, na tunaona kitu ambacho Daktari amekikosa tangu vita: mwenziwe. Mmoja ni Daktari, mwingine ni Profesa. Wote wanaitwa kwa vyeo, hakuna anayejulikana kwa jina alilopewa na mama yake. Tunacheka nao. Urafiki huo wa nusu saa ni wa kweli, na Davies anautunza kwa makini kwa sababu anajua ndio atakaouvunja. Bila huo, ufichuzi ungebaki taarifa tu.

Halafu maneno yanaanza kumfikia. Daktari, Martha na mwenzao wa safari, Kapteni Jack, wanazungumza kando, wakitaja TARDIS, safari za wakati, miili inayojizaa upya. Yana anasikia. Kamera inamkaribia, sauti za wengine zinafifia, na maneno hayo tunayasikia kama anavyoyasikia yeye, yakigonga kitu kilicholala ndani. Machozi yanamlengalenga na hajui sababu. Hapa Jacobi anafanya jambo gumu sana kwa mwigizaji: anacheza mtu anayekumbuka bila kujua anachokikumbuka. Hakuna dalili ya uovu usoni. Kuna huzuni ya mzee anayehisi amepoteza kitu.

Anasema amekuwa na shida na wakati siku zote, amechelewa maisha yake yote, na kama kuthibitisha anatoa saa mfukoni.

Hapo ndipo penyewe. Namheshimu Graeme Harper, ambaye alishaongoza hadithi za Daktari tangu miaka ya 1980, kwa kutokuipigia kelele. Hakuna ngurumo. Kuna mkono wa mzee, saa iliyochakaa, na uso wa Martha. Freema Agyeman, anayemcheza, anabeba uzito wote kwa macho. Ni haki awe yeye, kwa kuwa Martha ndiye aliyeilinda saa ya Daktari mwaka 1913, akafanya kazi ya utumishi wa ndani katika shule ile na kuvumilia dharau za wavulana weupe, wakati bwana mwenyewe hajui hata yeye ni nani. Katika chumba kile hakuna mwingine awezaye kuisoma. Anauliza kwa sauti ya kawaida ameipata wapi. Yana anajibu kwamba alikutwa nayo, mtoto yatima aliyeokotwa ufukweni baada ya dhoruba. Anauliza inafanya nini. Imeharibika, haifunguki. Martha anaigeuza taratibu, na nyuma yake kuna michoro ya duara ya Gallifrey.

Wakati huo mtazamaji anajua zaidi ya Daktari. Hili ndilo linaloipa “Utopia” nguvu ambayo mshangao mtupu hauwezi kuileta. Mshangao hudumu sekunde moja, kisha umeisha. Hapa Davies anatupa maarifa, halafu anatufunga mikono. Martha anakimbia korido nzima kumwambia Daktari, na Daktari hamwamini. Yeye ni wa mwisho, amezoea kuwa wa mwisho. Roketi inahesabu kurudi nyuma. Kule maabara Yana ameishika saa, na kwa mara ya kwanza anaitazama kweli. Martha ndiye aliyemwondolea ile kinga kwa kuuliza tu. Saa inamnong’oneza, na katika mnong’ono huo watengenezaji wamechanganya sauti ya Delgado na kicheko cha Ainley, wafu wawili wakimwita wa tatu. Muziki wa Murray Gold unapanda kwa mapigo ya ile ngoma. Picha zinakatiana: kidole juu ya kifuniko, roketi, uso wa Daktari, kidole.

Sehemu iliyoonyeshwa Aprili ilikuwa imetuachia wosia pia. Katika “Gridlock” kiumbe wa kale aitwaye Face of Boe, akikata roho, alimwambia Daktari kwamba hayuko peke yake. Herufi za mwanzo za maneno yale manne ya Kiingereza zinalitoa jina Yana. Mashabiki wengi hukitaja hiki kwanza wanapoisifu sehemu hii. Kwangu ni kipambo kizuri pembeni. Kilicho kikubwa ni maana ya wosia wenyewe: Daktari aliusikia kama faraja. Kwa misimu mitatu tulimtakia ampate hata mmoja wa kwao. Saa ikifunguka matakwa yetu yanatimia, na yaliyotimia ni haya.

Saa inafunguka. Nuru ya dhahabu inamwingia mzee machoni, na Profesa Yana amekufa. Jacobi hasogezi zaidi ya shingo. Mabega yananyooka, kope zinatulia, na uso uleule, mikunjo ileile, unakuwa wa mtu mwingine aliyekuwa akingoja nyuma yake. Sijui namna bora ya kuueleza ufundi huo ila kusema kwamba ukilisimamisha tukio na kulinganisha nyuso mbili, hutapata kilichobadilika, na bado hutakosea ni yupi.

Sasa uliza: adui anajifichua kwa nani? Desturi ya tamthilia hizi ni kwamba adui hugeuka, akamkabili shujaa, akajitangaza. Daktari wakati huo yuko upande wa pili wa milango iliyofungwa, anakimbia, anapiga kwa ngumi. Aliyebaki chumbani ni Chantho, msaidizi. Ni wa mwisho wa kabila lake la Malmooth, lililokuwa na sayari ile kabla ya wanadamu kuja, kiumbe wa samawati mwenye asili ya mdudu. Kwa adabu za kwao kila sentensi huianza kwa silabi ya kwanza ya jina lake na kuimaliza kwa ya pili. Kuziacha ni matusi. Mapema katika sehemu hii Martha anamchokoza aseme neno moja tu bila silabi hizo, naye analisema, kisha anacheka kwa aibu kama msichana aliyetamka jambo la chumbani. Tunajua kwamba anampenda Profesa kimya kimya, miaka nenda rudi, na kwamba Profesa hajawahi kuliona hilo.

Anamwona Profesa akizima kinga za kambi na kuwaachia Futurekind, wale wala watu wenye meno ya kuchongoka ambao kambi nzima iliishi kwa kuwahofia. Anachukua bunduki. Anamwelekezea, akimwomba radhi, na silabi zake mbili zipo palepale, mwanzo na mwisho, mikono ikitetemeka. Adabu haikumtoka hata kwenye mtutu wa bunduki. Mzee anamjibu kwa kumlaumu: miaka yote umesimama kando yangu, hukuwahi kuniuliza habari za saa hii? Hukuwahi kufikiri ungeweza kuniweka huru? Ni ukatili wa aina ya pekee. Subira na heshima ya mwanamke huyu, vitu bora kabisa alivyokuwa navyo, anavigeuza kosa lake. Anamwendea na waya wenye umeme. Na Chantho, kabla ya kupigwa nao, anauliza swali ambalo sehemu nzima ilikuwa ikilingoja: wewe ni nani basi? Jibu ni jina moja. Kwa miaka kadhaa watazamaji walitamani kulisikia, na linatamkwa kwa mtu ambaye halimwambii kitu chochote. Hajawahi kumsikia Master. Kwake ni kelele tu za mgeni aliyevaa mwili wa mpendwa wake.

Hilo ndilo linalonifanya niiweke “Utopia” juu ya nyingine zote. Ushangiliaji wetu, ule wa shabiki anayeruka kitini kwa kulisikia jina, umefungwa na mauaji ya asiye na hatia. Davies hakuturuhusu tufurahi bila kulipa.

Chantho alichezwa na Chipo Chung, na wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kumkumbuka: alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1977, mtoto wa wakimbizi wa vita vya ukombozi wa Zimbabwe, akapitia kambi za Msumbiji akiwa mchanga kabla ya kukulia Harare. Mama yake, Fay Chung, alikuja kuwa Waziri wa Elimu wa Zimbabwe huru. Sitaki kudai kwamba maisha hayo yaliingia katika uigizaji wake. Hilo ni lake. Nasema tu kwamba chini ya ngozi ile ya bandia iliyomfunika uso mzima, ambapo mwigizaji mwingine angetegemea kuzungusha macho, yeye alitegemea sauti na mkao wa mikono, na akaifanya lugha iliyoandikwa kama kichekesho iwe ya heshima. Bila yeye, jina la Master lingedondokea hewani.

Kabla hajafa, Chantho anampiga Master risasi. Mzee anajikokota hadi ndani ya TARDIS, anaufunga mlango, na mwili wake unajizaa upya: John Simm, kijana, mwenye vicheko, mwenye wazimu unaochemka. Nje, Daktari anaomba afunguliwe. Anaambiwa amwite kwa jina. Anamwita, na kisha anamwambia samahani. Kwa nini samahani? Tennant anaisema kama mtu aliyempata ndugu na kumpoteza ndani ya pumzi moja. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sehemu mbili zilizofuata zinalithibitisha: Master, ambaye sasa ni Saxon na Waziri Mkuu wa Uingereza, anaitiisha dunia nzima, lakini hamuui Daktari. Anamzeesha, anamfunga, anamweka karibu mwaka mzima, kwa kuwa yeye pia hana mwingine wa kuzungumza naye.

Tamati yenyewe, “Last of the Time Lords”, iliyoonyeshwa tarehe 30 Juni, haikufika kimo cha “Utopia”. Dunia nzima inalitaja jina la Daktari kwa wakati mmoja, naye anainuka hewani aking’aa, na mwaka mzima wa mateso unafutwa. Ni rahisi mno. Lakini hata humo kuna fundo moja lililofungwa vizuri sana. Master ameijia dunia na jeshi la mipira ya chuma inayoruka na kukata watu. Martha na wenzake wanaufungua mmoja na kukuta ndani kichwa cha binadamu kilichokauka. Kichwa kinamtambua Martha, kinazungumza juu ya anga za almasi. Tulishayasikia maneno hayo: mvulana mdogo wa kambini, Creet, alimweleza Martha kwamba ndivyo mama yake alivyomwambia juu ya Utopia. Hao ndio abiria wa roketi. Walifika, wakakuta giza tupu, wakajikatakata na kujiunga na mashine ili wasife, na Master akaenda kuwachukua. Kazi yote ya Profesa Yana, chakula na kamba na pini, usiku wote aliokesha kwa upendo, ilikuwa inamtayarishia adui askari wake.

Tamthilia ilijaribu tena baadaye. Mwaka 2014 Michelle Gomez alijitambulisha kama Missy, yaani Master mwenyewe, katika “Dark Water”, na alistahili sifa alizopata. Mwaka 2017 Simm alirudi akiwa amejificha chini ya sura ya bandia, ila kurudi kwake kulikuwa kumekwisha kutangazwa. Siku ya kwanza ya 2020 Sacha Dhawan alijifichua ghafla ndani ya ndege, na kwa mshangao peke yake pengine ndiye aliyewazidi wote. Nimezifurahia zote. Katika zote, hata hivyo, aliyekuwa chini ya barakoa ni Master tangu mwanzo, anajua, anacheza. Mtu mwema unayeona alikuwa vazi. Yana hakuwa vazi. Aliishi, alizeeka, alipenda kazi yake, na hakujua.

Jacobi alikuwa Master kwa dakika chache tu mwishoni mwa “Utopia”, na hakuonekana tena kwenye televisheni katika nafasi hiyo. Lakini dakika hizo zilitosha: Desemba 2017, miaka kumi baadaye, akiwa na umri wa miaka 79, alirudi kuwa Master katika michezo ya kusikiliza ya kampuni ya Big Finish, The War Master, iliyosimulia yaliyomtokea kabla ya kuisahau nafsi yake. Mfululizo huo umeendelea kutolewa seti baada ya seti, na humo sauti ya Yana husikika pale tu Master anapotaka kuaminiwa.